Afya Yetu: Haraka ya Kazi Kiwandani na Viungo vya Mwili



Mwezi huu tunaweka kando kidogo habari za malaria na lishe ya watoto, tuzungumze juu ya maumivu yasiyoletwa na mbu wala maji machafu. Yanaletwa na haraka. Ninasema juu ya majeraha na maradhi yanayowapata baba zetu, mama zetu na vijana wetu viwandani, hasa hapa kwetu Tanga ambako familia nyingi za parokia zinakula kwa mkonge. Wanaofanya kazi katika saruji, chokaa, mbao na nguo nao watajiona humu. Mashine zao ni nyingine, lakini kwao pia kazi inatakiwa iishe leo, na mwili wa binadamu una kikomo chake.

Nimekuwa muuguzi kwa miaka mingi, na katika wodi ya majeruhi nimesikia neno moja likisemwa mno: uzembe. Mtu analetwa mkono umefungwa kwa kanga iliyolowa damu, na aliyemleta anasema, "Sista, huyu ni uzembe wake mwenyewe, aliingiza mkono kwenye mashine." Basi mimi huuliza maswali mengine. Alianza zamu saa ngapi? Mashine ilikuwa inakwenda au imezimwa? Kinga yake ilikuwepo? Na je, kama angeizima, nani angemgombeza? Majibu ya maswali haya ndiyo yaliyonifanya niandike ukurasa huu.

MKONGE HAUNGOJI

Wengi wetu tumezaliwa tukaukuta mkonge, tukadhani ulikuwepo tangu zamani. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Dk. Richard Hindorf, na katika miche iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutoka kwa hiyo 62 yakatokea mashamba yote. Kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka na kuongoza duniani. Baadaye nyuzi za plastiki zikaja, bei ikaanguka, mashamba mengi yakarudi kuwa pori, na yaliyobaki yakajifunza kubana matumizi. Nalitaja hilo kwa sababu kiwanda kinachobanwa na bei mara nyingi hukwepa matumizi ya usalama kwanza. Kinga ya mashine iliyovunjika inaweza kungoja mwaka mzima bila kutengenezwa, lakini mkanda ukikatika unanunuliwa siku hiyo hiyo, kwa maana bila mkanda hakuna singa.

Lakini tuwe wa haki. Si haraka yote inatoka kwa bwana shamba, nyingine inatoka kwenye jani lenyewe. Jani la mkonge likishakatwa linapaswa kufika korona ndani ya siku moja au mbili, kwani likikauka nyama yake inashikamana na singa na kusafisha kunakuwa kazi ngumu. Tena katika kilo 100 za majani unapata singa kavu kilo 4 tu hivi, zinazobaki ni maji na makapi. Kwa hiyo ili kupata tani moja ya singa, mashine inapaswa kumeza tani 25 za majani, pengine zaidi. Umeme ukikatika saa tatu, au maji yakipungua, majani yaliyolundikwa nje hayangoji. Umeme unaporudi, kila mtu anataka kufidia zile saa tatu, nasi hospitali tunajua kwamba jioni ya namna hiyo si ajabu tukaletewa mtu.

(Wazee wetu wamesema neno "korona" miaka mingi kabla ya ugonjwa wa mwaka 2020. Jina lilitoka kwenye mashine ya Kijerumani iliyoitwa Corona. Kwa hiyo kijana, babu akikuambia alifanya kazi korona miaka thelathini, usikimbie.)

MKONO UNAINGIAJE

Tuitazame hiyo korona. Majani yanapangwa juu ya mkanda, yanapita kati ya roli zinazoyaponda, kisha yanaingia kwenye magurudumu makubwa yenye visu butu yanayozunguka kwa kasi na kukwangua nyama yote. Maji yanamwagwa wakati wote. Sakafu ni ya utelezi, makelele ni makubwa, na utomvu unarukia mikono na uso. Baada ya kuanikwa juani, singa zinapelekwa kwenye mashine ya brashi, ambako ngoma yenye meno inazunguka na mfanyakazi ameshika fungu la singa kwa mikono yake miwili. Mwisho zinashindiliwa kuwa marobota ya kilo 250.

Ajali nyingi haziji wakati mashine inafanya kazi yake vizuri, zinakuja pale kazi inapokwama. Majani yamejikunja, singa zimejizungusha kwenye roli, mkanda umehama njia. Kanuni inasema: zima mashine, funga umeme, ngoja isimame kabisa, ndipo uondoe kilichokwama. Hiyo inachukua dakika tano, pengine kumi. Kuingiza mkono na kuvuta kunachukua sekunde mbili. Mfanyakazi ameshafanya hivyo mara mia na mkono ukatoka salama. Mnyapara naye ameona mara mia na hakusema kitu, kwa sababu hesabu ya siku ilikuwa inakwenda vizuri. Mara ya mia moja na moja glavu inashikwa, au mkono wa shati, au singa zinajizungusha kidoleni, nazo singa hazikatiki kirahisi. Wote tunajua kamba ya mkonge inavyofunga ng'ombe dume.

Hapo ndipo neno uzembe linaponikera. Mtu anayelipwa kwa kipande anapiga hesabu ya kweli kabisa: nikizima mara sita leo, nitapoteza saa nzima, na saa hiyo ni unga wa nyumbani. Ukimlipa mtu kwa wingi wa kazi peke yake, umemlipa pia ili asizime mashine. Ukimsifu msimamizi kwa idadi ya marobota tu, bila kumwuliza ni wangapi waliumia, umemfundisha nini cha kutazama na nini cha kutotazama. Kweli wapo wazembe, nimewauguza pia, wengine wakinuka gongo. Ila ukiona mashine moja imekata vidole vya watu watatu katika miaka miwili, usiniambie kwamba wazembe wote wa wilaya walipangiwa pale pale.

Na ile kinga ya bati au wavu inayofunika roli, mbona hutolewa? Kwa sababu ikiwepo, kusafisha kunachukua muda mrefu zaidi. Inatolewa Jumatatu kwa ajili ya matengenezo, na Ijumaa utaikuta bado imeegemea ukutani. Kinga nzuri ni ile inayoondolewa na kurudishwa kirahisi, au ile ambayo ikifunguliwa mashine inazimika yenyewe. Fundi wa kiwanda anaweza kuitengeneza akipewa muda na vifaa.

UCHOVU UNAFANANA NA ULEVI

Mwaka 1997 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya jaribio rahisi. Waliwapima watu waliokuwa macho kwa muda mrefu, na kuwalinganisha na walipokunywa pombe. Waliona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 bila kulala, mikono na macho yake hufanya kazi kama ya mtu mwenye pombe katika damu kiasi cha asilimia 0.05. Katika nchi nyingi kiasi hicho kinamzuia mtu kuendesha gari.

Sasa tumhesabie mama mmoja anayefanya kazi ya brashi. Ameamka saa 10 alfajiri, amechota maji, amewasha moto, amewaandaa watoto kwa shule. Saa 1 asubuhi yuko kiwandani. Jioni meli inangoja bandarini Tanga, anaambiwa abaki hadi robota zitimie. Ikifika saa 3 usiku ametimiza saa zile 17, na bado mikono yake iko karibu na ngoma yenye meno. Hakuna aliyemwona mlevi, wala yeye hajijui, kwani uchovu una hila hiyo: aliyechoka sana hujiona yuko sawa. Akirudi nyumbani kuna sufuria zinamngoja. Wababa mnaosoma ukurasa huu, sehemu hii ya usalama wa kiwandani iko mikononi mwenu, na haihitaji mkaguzi wa serikali. Siku mama ana zamu ndefu, baba au kijana wa kiume na ateke maji.

Dalili za hatari ni hizi: kusahau jambo ulilofanya punde, kusinzia sekunde chache huku umesimama, kukasirika bila sababu, kuangusha vitu, macho kuwaka. Chai kali husaidia kwa muda mfupi tu. Usingizi wa dakika ishirini wakati wa mapumziko unasaidia zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Na maji! Anayefanya kazi penye joto anywe kidogo kidogo kila nusu saa, asingoje kiu. Kiwanda kinachowazuia watu kwenda kunywa au kwenda chooni ili mashine isisimame kinajitafutia wagonjwa wa figo na njia ya mkojo.

NYUFA ZA SAVAR

Msidhani haya ni ya kwetu tu. Tarehe 24 Aprili 2013, huko Savar karibu na Dhaka, nchini Bangladesh, jengo la ghorofa nane lililoitwa Rana Plaza lilianguka asubuhi likiwa limejaa mafundi cherehani. Walikufa zaidi ya watu 1,100, na wengine wapatao 2,500 waliumia. Siku moja kabla, nyufa zilionekana kwenye nguzo na kuta, watu wakatolewa nje. Benki iliyokuwa katika jengo hilo hilo haikuwarudisha wafanyakazi wake. Wa viwanda vya nguo waliamriwa kurudi asubuhi, wengine wakitishwa kukatwa mshahara, kwa sababu oda za Ulaya na Marekani zilikuwa na tarehe zake. Nguzo ilikuwa ile ile na ufa ule ule, lakini benki haikuwa na oda ya kupakia melini.

Wiki iliyofuata, siku ya Mei Mosi, Papa Fransisko aliitaja kazi ile kuwa ni utumwa. Baada ya msiba huo kampuni nyingi za kununua nguo zilisaini mkataba na vyama vya wafanyakazi ili viwanda vikaguliwe na wahandisi wasiokuwa wa mwenye kiwanda, na maelfu ya kasoro yakarekebishwa. Ilichukua maiti elfu moja na zaidi.

Upande wa pili, upo mfano wa Marekani. Mwaka 1987 kampuni kubwa ya alumini iitwayo Alcoa ilipata mkuu mpya, Paul O'Neill. Katika mkutano wake wa kwanza na wenye hisa hakuanza na faida, alianza na usalama wa wafanyakazi: lengo lake lilikuwa asiumie mtu hata mmoja. Wengine walidhani ameingia wazimu. Ila kila ajali ilipochunguzwa, ilionekana kwamba kilichomuumiza mtu ndicho kilichokuwa kikiharibu kazi pia, kama vile mashine mbovu, maelekezo yasiyoeleweka, au msimamizi asiyesikiliza. Kufikia alipostaafu majeraha yalikuwa yamepungua mno, na faida ilikuwa imeongezeka mara kadhaa. Sisemi kwamba kila anayelinda watu atatajirika. Nasema tu kwamba wale wanaotuambia lazima tuchague kati ya uzalishaji na vidole hawajatazama vizuri ndani ya mashine zao.

YANAYOUA POLEPOLE

Jeraha linaonekana, vumbi halionekani. Mashine ya brashi hutoa vumbi laini linalowasha koo na kubana kifua. Uchunguzi uliofanywa katika viwanda vya mkonge hapa Tanzania uliwakuta wafanyakazi wa brashi wakisumbuliwa zaidi na kikohozi kuliko wenzao wa sehemu nyingine. Kitambaa kinachofungwa usoni kinazuia vumbi kubwa na kuacha lile laini lipite. Dawa ya kwanza ni mashine yenye feni ya kunyonya vumbi, madirisha yaliyo wazi, na kutofagia kwa ufagio mkavu. Barakoa ya kweli inafuata baada ya hayo. Mwajiri anayegawa barakoa na kuacha feni ikiwa imekufa ameanza mwisho wa njia.

Ukikohoa wiki mbili au zaidi, njoo upimwe kifua kikuu. Usiseme "ni vumbi tu." Tena ukishapimwa na kukutwa huna kifua kikuu, mwambie daktari unafanya kazi gani, kwani wengi hupewa dawa za kikohozi mwaka mzima bila mtu kuuliza.

Utomvu wa mkonge huwasha ngozi, kwa kuwa una vijisindano vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Osha mikono na miguu kwa maji mengi na sabuni kabla ya kurudi nyumbani, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na nepi za mtoto. Ukirukiwa machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 20, usisugue, kisha njoo hospitali siku hiyo hiyo. Wakataji nao wajihadhari na mwiba wa ncha ya jani, ambao unaweza kutoboa jicho.

Juu ya masikio kuna kipimo cha bure: ikikubidi upaze sauti ili usikiwe na mtu aliye umbali wa mkono mmoja, makelele hayo yanaharibu masikio yako. Usikivu uliopotea hivyo haurudi, wala hakuna dawa yake. Mara nyingi mke ndiye wa kwanza kugundua, anapoona mumewe anaongeza redio kila mwaka. Na asiyesikia vizuri ndiye asiyesikia mwenzake anapopiga kelele "zima!"

AJALI IKITOKEA

Kwanza zima mashine na ukate umeme wote. Usimvute mtu aliyenaswa, wala usirudishe mashine nyuma kwa kubahatisha, mwite fundi. Kama ni umeme umempiga, usimguse kabla haujakatwa.

Damu ikitoka, bonyeza juu ya jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia kuchungulia kila mara. Inua mkono juu. Kufunga kwa nguvu juu ya jeraha ni kwa damu inayoruka na isiyokubali kuzuiwa kwa kubonyeza. Tumia kitambaa kipana, siyo kamba ya mkonge wala waya, andika saa uliyofunga, na usifungue njiani. Usiweke majivu, udongo, mafuta ya taa wala unga wa kahawa. Tukipokea jeraha lenye vitu hivyo, nusu saa ya kwanza tunaitumia kuyatoa.

Kidole kilichokatika msikiache kiwandani na msikizike. Kisuuzeni kwa maji safi, mkifunge katika kitambaa safi chenye unyevu, mkitie katika mfuko wa plastiki na kuufunga vizuri, kisha mfuko huo muuweke ndani ya maji yenye barafu. Kisiguse barafu yenyewe, wala kisitiwe spiriti au chumvi. Sema kweli, hospitali nyingi haziwezi kukiunga, lakini ni daktari anayepaswa kusema haiwezekani. Hata kikishindikana, ngozi yake inaweza kufaa.

Na sindano ya pepopunda. Akina mama wengi wamezipata katika kliniki ya wajawazito. Wanaume wengi hawajawahi kuchomwa tangu walipokuwa watoto, nao ndio wengi kwenye mashine. Pepopunda huonekana kwa kawaida kati ya siku ya 3 na ya 21 baada ya jeraha, tena jeraha lenyewe linaweza kuwa dogo kama la mwiba na lilishasahaulika. Baba, usingoje kuumia. Uliza zahanati yako lini utapata chanjo.

SHERIA INASEMAJE

Kabla ya sheria zetu, mwaka 1891, Papa Leo XIII katika waraka wake Rerum Novarum aliandika kwamba saa za wachimbaji na wengine wenye kazi nzito ziwe fupi kadiri kazi inavyoelemea afya. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Pamoja na saa za ziada, mtu asipitishe saa 12 kwa siku, wala saa za ziada zisizidi 50 katika majuma manne. Za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo ana haki ya mapumziko ya saa moja, na kati ya zamu moja na nyingine apate saa 12 za kupumzika. Mama mjamzito hapangiwi kazi ya usiku katika miezi miwili ya mwisho. Mtoto chini ya miaka 18 haruhusiwi kazi ya kiwandani yenye hatari, hata kama "anamsaidia baba" tu. Nawaomba wazazi muisome sentensi hiyo mara mbili, maana ombi la kumpeleka kijana korona wakati wa likizo mara nyingi linatoka nyumbani.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akinge mashine, atoe vifaa vya kujikinga, awapime wafanyakazi afya wanapoanza na wanapoendelea, na kuwepo wawakilishi wa usalama miongoni mwa wafanyakazi. Wakala wa serikali unaokagua unaitwa OSHA. Watu huniuliza: "Nikikataa kuingiza mkono nitafukuzwa, nifanyeje?" Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 155 wa mwaka 1981 unasema anayejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo dhahiri alindwe asiadhibiwe. Ila mkataba ukiwa Geneva, wewe uko mbele ya mnyapara. Kwa hiyo msiende mmoja mmoja. Zungumzeni wote wa zamu kupitia mwakilishi wenu au chama cha wafanyakazi, tena siku mashine inapokwenda vizuri. Msingoje ikwame. Ombeni jambo moja linalopimika: kinga irudishwe, au dakika za kuzima mashine zisikatwe kwenye malipo ya kipande. Nakiri hili la pili ndilo ninalolipenda zaidi, kwa kuwa linaondoa ile hesabu ya unga niliyoitaja juu.

Akiumia mtu, yupo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Mwajiri ndiye anayechangia, mfanyakazi hakatwi. Unahusu ajali na pia maradhi yatokanayo na kazi, likiwemo lile la kifua na masikio. Familia nyingi hupoteza haki hapa kwa kupokea fedha kidogo mkononi siku ile ile, pamoja na ombi la kwamba hospitalini waseme mgonjwa alianguka nyumbani. Msikubali. Tunachokiandika kwenye cheti siku ya kwanza ndicho kitakachosomwa baadaye, na hatuwezi kukifuta miezi sita ikishapita. Mwambieni muuguzi ukweli: saa, mahali, mashine gani, nani aliona. Mwajiri ajulishwe mara moja, kwa maandishi, na mbaki na nakala. Kibarua asiye na mkataba atunze chochote kinachoonyesha alikuwa kazini, kama kadi ya kipande, karatasi ya malipo, hata ujumbe wa simu wa kumwita zamu. Karatasi hizo ziwekeni pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto, juu, mahali ambapo mchwa na mvua havifiki.